Kuweka faibrini ya damu ya mgonjwa kwenye tundu la gego la mwisho

Mwongozo huu ni wa daktari wa meno anayeng'oa magego ya mwisho ya chini na mwenye sentrifuji, yaani mashine ya kuzungusha damu kwa kasi ili itengane matabaka. Mfupa mpya huota ndani ya bonge la damu. Bonge likitoka mapema, tundu hubaki kavu na mgonjwa anarudi siku ya tatu kashika sikio. Faibrini (nyuzi za protini zinazogandisha damu) yenye chembe sahani (vijiseli vya damu vinavyosaidia kuganda), aliyoieleza Joseph Choukroun wa Ufaransa mwaka 2001, ni bonge hilohilo lililotengenezwa nje, gumu zaidi.

1. Muulize mgonjwa kuhusu kisukari, sigara, dawa za kuyeyusha damu na dawa za mifupa kama alendronati. Anayetumia hizi za mwisho asing'olewe kabla hujajadiliana na daktari wake.

2. Andaa tundu kwanza. Ondoa mabaki ya kifuko cha jino, lainisha kingo za mfupa, safisha kwa maji ya dripu hadi yatoke meupe. Hapa ndipo kazi ilipo. Tundu lenye uchafu halisaidiwi na chochote utakachotia.

3. Chota damu mkononi, mililita 9 au 10, kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda. Iingie kwenye mashine ndani ya dakika moja au mbili, kwa sababu huanza kuganda papo hapo. Upande wa pili weka chupa ya maji yenye uzito uleule.

4. Zungusha mizunguko 2,700 kwa dakika, dakika 12. Utaona matabaka matatu: wekundu chini, majimaji juu, faibrini ya manjano katikati. Ukikuta uji badala ya bonge, ulichelewa, chota upya.

5. Vuta faibrini kwa kibanio, kata wekundu ukiacha kipande chembamba, maana chembe sahani nyingi zimekaa mpakani hapo. Ibonyeze taratibu, iteremshe ndani ya tundu bila kushindilia, kisha shona kwa mshono wa namba nane. Mgonjwa aume gozi nusu saa.

Je, simvastatini, dawa ya kolesteroli ya kundi la statini, nayo inafaa kutiwa kwenye tundu? Mwaka 1999 watafiti walionyesha kwamba statini huchochea mfupa kwa panya, na jeli yake imejaribiwa kwenye matundu ya meno. Bado ni jambo la utafiti. Kusaga kidonge cha kolesteroli na kukimwaga kwenye kidonda si tiba.

Kwa faibrini pia, usiahidi makubwa: inapunguza maumivu na hatari ya tundu kavu, lakini kuhusu wingi wa mfupa tafiti zinapishana.

6. Mgonjwa asisukutue wala kunyonya kwa mrija saa 24 za kwanza, na sigara aiache. Kesho yake aanze maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, arudi asisubiri tarehe. Eksirei ya kupima mfupa piga baada ya miezi mitatu hadi sita. Ukipiga mapema mno utaona weusi tu.