Kabla hujaanza kusoma sheria za jumuiya ambayo nchi imejitoa

Ukiazimwa kitabu cha sheria za Umoja wa Ulaya hapa Mtwara, tazama kwanza mwaka kilipochapwa. Vya zamani usivitupe: hukumu za Mahakama ya Ulaya, ya Van Gend en Loos ya 1963 na ya Costa dhidi ya ENEL ya 1964, bado ndizo msingi wa somo lenyewe. Ila kikikwambia kwamba sheria ya Umoja huishinda ya Bunge la Uingereza, jua kimepitwa.

Wengi hudhani nchi ikitoka, sheria nazo zinafungasha virago. Uingereza ilitoka tarehe 31 Januari 2020, kipindi cha mpito kikaisha 31 Desemba mwaka huohuo, lakini sheria nyingi zilibaki, maana Bunge lake lilishaandaa sheria ya kuzibakiza tangu 2018. Bila hivyo wangeamka asubuhi hawana kanuni za mambo chungu nzima. Baadaye, kuanzia 1 Januari 2024, ule ukuu wa sheria ya Umoja juu ya ile ya Bunge ukaondolewa, na hata jina la sheria hizo likabadilishwa. Kwa hiyo kwenye swali la mtihani tafuta kwanza tukio lilitokea lini. Mimi huchora mstari wa tarehe pembeni ya karatasi kabla sijaandika neno. Ireland Kaskazini ina utaratibu wake. Isome peke yake.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uwe nao mkononi, hasa ibara ya 145: anayetaka kujitoa anahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, na notisi ya miezi 12. Ibara ya 50 ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya inataja miaka 2, na haisemi lolote juu ya idadi ya wabunge. Wala kutoka si jambo geni kwetu: Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwanzo iliyovunjika 1977 ilichukua hadi 1984 kukubaliana mgawanyo wa mali na madeni.

Sisi wa kusini tuna mtego wetu. Ukivuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala, Msumbiji si mwanachama wa Afrika Mashariki. Kinachotuunganisha nao ni SADC, jumuiya ya maendeleo ya Kusini mwa Afrika. Nimeona mtu akijibu swali la mpaka wa Ruvuma kwa ibara za Mkataba wa Afrika Mashariki tupu.

Mikataba yenyewe ipo bure mtandaoni. Ipakue yote mapema kwenye simu, umeme ukikatika usome.