Kuonja vinywaji Dodoma ukiwa na mzazi

Ukisafiri na mama au baba kuja Dodoma, msiagize glasi nzima ya kila kinywaji mnachokikuta, bali agizeni kimoja kimoja na vikombe viwili, mgawane, kisha mzazi achague anachopenda kuongezewa. Juisi ya ubuyu, ambao miti yake imetapakaa katika nyanda hizi kame, ina uchachu mzuri na vitamini C nyingi, lakini wauzaji wengi huitia sukari mapema. Kwa hiyo mzazi mwenye kisukari ni afadhali apewe chai ya rangi yenye tangawizi au mchaichai, mradi mwombe sukari iwekwe pembeni. Choya, ile nyekundu ya rozela, mimi naipenda kuliko zote, ila huweza kushusha shinikizo la damu, na mzazi anayetumia dawa za presha asiinywe kwa wingi kabla ya kumuuliza daktari wake. Juisi ya zabibu ionjwe mwisho, kwa sababu utamu wake hufunika ladha ya vingine. Kama bado mna safari ya basi kuelekea Singida, vikombe viwe vidogo zaidi, maana dereva hasimami kila mzee anapohitaji kushuka.