Somo: Unahamia pwani na watoto? Anza na shule, bahari utaikuta tu

Wakuu habari zenu. Siku hizi kila mtu anataka kuikimbia Dar, na wengine wapo bara huko Dodoma, Singida wamepata uhamisho wanataka kushuka pwani, na swali ni lilelile, niende Tanga, Bagamoyo, Kigamboni au nishuke kabisa Mtwara, nina watoto wanasoma. Nitaeleza hatua kwa hatua vile ninavyomwelekeza mtu akiniuliza. Niseme mapema mimi naishi Tanga, kwa hiyo upendeleo upo kidogo, mnivumilie.

HATUA YA 1: Angalia mtoto yupo darasa gani

Hii watu wanairuka wanakimbilia picha za nyumba. Kama mtoto yupo la nne, la saba, kidato cha pili au cha nne, usimhamishe mwaka huo kama una namna yoyote ya kusubiri, hiyo ni miaka ya mitihani ya taifa, akishasajiliwa kituo kimoja kumtoa ni usumbufu mtupu. Kwa msingi hakikisha mwalimu mkuu wa kule anakotoka amemruhusu kwenye mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi na namba yake ya PREM, ile inayomtambulisha mtoto humo, unayo, maana barua ya uhamisho peke yake haitoshi, utafika shule mpya mtoto anakaa darasani ila kwenye mfumo bado anasoma Singida.

Halafu kuna hili la mtaala mpya, naona wazazi wengi hawajalipigia hesabu. Mtaala ulianza Januari 2024 kwa awali, la kwanza na la tatu. Waliokuwa la tatu mwaka ule wanamaliza msingi la sita badala ya la saba, yaani 2027. Waliokuwa la nne wapo mtaala wa zamani, nao wanamaliza la saba 2027 hiyohiyo. Maana yake Januari 2028 madarasa mawili yanaingia kidato cha kwanza kwa mpigo mmoja! Kama mwanao yupo humo, usiangalie shule ya msingi tu, nenda kaangalie sekondari za kata za huo mji, wanajenga madarasa au wamekaa kimya. Mtoto wa shule ya serikali akimaliza msingi mara nyingi anapangiwa sekondari ya kutwa ya karibu na alikosoma, sio ile uliyoipenda wewe.

HATUA YA 2: Soma matokeo ya NECTA kama mkaguzi wa hesabu

Tangu Januari 2023 NECTA, yaani baraza la mitihani, limeacha kutangaza shule kumi bora, kwa hiyo ukikuta bango barabarani "tumekuwa wa tano kitaifa" waulize mwaka gani na nani kasema. Matokeo ya kila shule bado yapo wazi mtandaoni, bure, unahitaji bando tu na subira.

Watu wakifungua wanaangalia divisheni wani ngapi, wanafunga. Wewe fanya hivi. Fungua matokeo ya kidato cha pili ya shule hiyo, hesabu watahiniwa. Kisha fungua kidato cha nne cha miaka miwili mbele, hesabu tena. Ni watoto walewale hao. Mfano tu, kidato cha pili walikuwa 90, kidato cha nne wamefanya 58, hakuna ziro hata moja, shule inasherehekea. Sasa wale 32 wapo wapi? Wapo wanaohama kwa sababu za kawaida, mzazi kafilisika, baba kahamishwa kazi, sawa, ila ikijirudia miaka mitatu mfululizo ujue hapo kuna mchujo, anayesuasua anaambiwa arudie darasa au atafutiwe shule nyingine. Kwa msingi linganisha la nne na la saba ya miaka mitatu mbele, hesabu ni ileile. Shule ya kata iliyoingiza 140 ikawatoa 135 na wengi wakapata wani mpaka tatu, mimi naiheshimu kuliko hiyo ya mabango.

Na usidanganywe na jina la mkoa. Kumi bora ya kidato cha nne 2013 ilikuwa na Marian Boys na Marian Girls za Pwani, Rosmini ya Tanga na Abbey ya Mtwara. Ukisikia hivyo unaona pwani imetisha, ila Abbey ipo Ndanda, hapo bahari huioni hata ukipanda mnazi. Na Marian ni bweni, watoto wanafanya usaili wanatoka nchi nzima, kwa hiyo kupanga nyumba Bagamoyo hakumwongezei mwanao hata maksi moja ya kuingia pale. Kama mkubwa atakwenda bweni, basi mji uchague kwa ajili ya wadogo wanaobaki nyumbani.

HATUA YA 3: Pita njia ya shule saa kumi na mbili asubuhi

Sio saa nne ukiwa na dalali kwenye gari yenye kiyoyozi. Saa kumi na mbili, kwa miguu au kwa bajaji, siku ya shule. Simama pale watoto wanapovuka. Barabara ya Bagamoyo kuanzia Mapinga, Kerege mpaka Zinga magari yanakimbia, na nyumba nzuri unaweza kuikuta upande huu shule ipo upande wa pili. Kigamboni nyumba zinavutia kweli, Kibada, Mjimwema, Gezaulole huko, ila kama mtoto umemwacha shule ya ng'ambo mjini basi kila siku ni pantoni ya Magogoni au Daraja la Nyerere na tozo yake, na siku pantoni moja ikiwa matengenezo mtoto anafika shule wenzake wapo mapumziko ya chai. Kigamboni iwe nyumba Kigamboni, shule Kigamboni, basi.

Hapa ndipo Tanga inanifurahisha. Mji tambarare, mitaa ya katikati imepangwa, Ngamiani barabara zinaitwa kwa namba, mtoto hapotei. Baiskeli ni usafiri wa watu wote, mzee na kanzu yake, mama na kikapu, mwanafunzi na begi, na madereva wamezoea kuishi nazo.

Ukiambiwa kuna basi la shule usiulize bei kwanza, uliza mtoto wa kwanza anachukuliwa saa ngapi na wa mwisho anashushwa saa ngapi. Kuna mabasi yanabeba mtoto wa chekechea saa kumi na moja alfajiri yanazunguka naye mji mzima, amelala mdomo wazi kwenye kiti.

HATUA YA 4: Maji na chumvi

Nyumba ya pwani itazame wakati wa masika, Machi mpaka Mei. Kiangazi kila kiwanja ni kizuri. Ukishindwa kwenda masika, angalia ukuta kwa chini, kuna mstari wa maji? Muulize jirani, usimuulize dalali.

Maji ya kisima usiyaamini kwa macho. Omba kipande cha sabuni ya mche, nawa mikono na maji ya bomba la ndani. Povu likikataa kutoka hapo pana chumvi, na utanunua maji ya kupikia kila wiki, mabomba yataliwa, hita italiwa, na bati kama upo karibu na ufukwe litaota kutu mapema kuliko ulivyozoea bara. Tanga mjini maji yanatoka mto Zigi, bwawa la Mabayani, na mamlaka ya maji mwaka 2024 iliuza hatifungani ya kijani (mkopo wa miradi ya mazingira unaochangiwa na wawekezaji) ya shilingi bilioni 53.12 kupanua huduma, kwa hiyo upande huo nipo na amani. Ila pembeni ya mji uliza kama bomba limefika mtaa huo, usichukulie poa.

HATUA YA 5: Hospitali

Fupi tu. Watoto wanaumwa usiku. Tanga kuna Bombo, Mtwara kuna Ligula na ile ya kanda ya kusini, Bagamoyo kuna hospitali ya wilaya na kubwa zaidi mnafuata Dar. Malaria ipo kote pwani, neti sio pambo.

HATUA YA 6: Panga kwanza, kununua baadaye

Panga walau ipite masika moja. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita na dalali anataka ya mwezi mmoja, jipange. Ukifika jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa mapema, barua zake utazihitaji. Na kiwanja cha ufukweni mtu akikuuzia "maji yanagusa fensi" kumbuka sheria ya mazingira ya 2004, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni hujengi makazi. Wengi wameuziwa upepo humo.

Nikijumlisha miji kwa haraka: Bagamoyo kwa anayelazimika kufika Dar mara kwa mara, ni kilomita kama 70 hivi ila foleni ya Tegeta usiipuuze. Tanga kwa anayetaka mji kamili usio na fujo. Mtwara nzuri sana na pale Shangani pametulia, ila barabara ya kwenda Dar ni kilomita zaidi ya 500 na Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilipopiga, pale Somanga ilikatika, watu walikwama. Kama una wazazi bara wa kuwahi, lifikirie hilo.

Karibuni maswali.

MASWALI YA WADAU

Mama wa watatu, Dodoma: Asante mkuu kwa somo. Wangu wapo kayumba huku na wanafanya vizuri, nikija Tanga niwapeleke inglishi midiamu au niwaache serikalini? Shemeji yenu anasema pwani serikalini watoto hawasomi.

Jibu: Dada, kama yupo la kwanza au la pili unaweza kumhamishia mchepuo wa Kiingereza bila shida. Kama yupo la tano usimguse, kamaliza miaka yote hiyo na Kiswahili halafu umrushe kwenye sayansi ya Kiingereza na mtihani upo mlangoni, utamvuruga. Kuhusu shemeji, mwambie shule ya kwanza ya serikali nchi hii ilianzia hapa Tanga miaka ya 1890, enzi za Mjerumani, kwa hiyo atulie. Zipo kayumba nzuri na zipo mbovu. Nenda kahesabu madawati na walimu, na uone saa tano asubuhi darasa la sita lina mwalimu au wanajisomea wenyewe.

Kijana wa Mbezi: Kaka mimi nafanya kazi mtandaoni, sina haja ya Dar kabisa. Kwa nini nisiende Zanzibar moja kwa moja?

Jibu: Nenda mdogo wangu ila ujue elimu ya msingi kule ipo chini ya SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, mtaala wao na mitihani yao, mnakutana NECTA kwenye kidato cha nne na cha sita. Ukienda na mtoto mdogo na mna nia ya kukaa, sawa kabisa. Ukienda kujaribu mwaka mmoja halafu urudi bara mtoto akiwa la tano, hapo ndipo pana kazi.

Mzazi, Morogoro: Samahani naomba kuuliza, watoto wangu wanaenda madrasa jioni. Hizi shule za binafsi zinabakiza watoto mpaka saa kumi na moja, inakuwaje?

Jibu: Swali zuri sana na ugomvi mkubwa wa pwani huu. Uliza ratiba ya masomo ya ziada kabla hujalipa hata fomu. Zipo shule zinawaachia saa nane na nusu, wanakula, wanawahi madrasa. Zipo za Kiislamu zenye dini ndani ya ratiba. Na zipo zitakazokuambia "tutaangalia", hao jibu lao ni hapana. Pia angalia Jumamosi, la saba wengi wanaitwa Jumamosi.

Mdau asiyetaka kutajwa: Mke wangu anaogopa pwani watoto wataharibika, ngoma kila wikiendi, vigodoro usiku kucha.

Jibu: Hahaha. Vigodoro hata Mbagala vipo mkuu, na Dar mnaishi. Lala mtaa huo usiku wa Ijumaa au Jumamosi kabla ya kulipa kodi, gesti za bei rahisi zimejaa. Tanga ukitaka utulivu Raskazone, Sahare au Chumbageni, ukitaka watoto wawe na wenzao wa kucheza nao mitaa ya Ngamiani imechangamka zaidi ila kelele zipo. Mimi ningechukua kelele kidogo na majirani wanaomjua mwanangu kwa jina kuliko geti refu, lakini hiyo ni mimi.

Mwalimu, Lindi: Umetoa hesabu ya kidato cha pili na cha nne vizuri, ila kwa serikali wapo wanaopungua kwa utoro na mimba, sio mchujo. Usiwachanganye wazazi.

Jibu: Kweli mwalimu, nakubali, kwa shule za serikali kupungua kunasema habari nyingine, ya mtaa na umbali zaidi kuliko ya shule. Kwa mzazi bado namba ina kazi. Kama shule ya kata inapoteza watoto wengi hivyo, muulize mkuu wa shule kama kuna hosteli na kama wanapika chakula cha mchana, hayo mawili ndiyo yanayowabakiza, hasa mabinti wanaotoka mbali.

Mama wa Kibaha: Kwa hiyo nikija kuangalia Tanga nije lini na nianzie wapi? Nina ruhusa ya siku mbili tu kazini.

Jibu: Njoo Alhamisi jioni, panda basi ushukie Kange. Ijumaa saa kumi na mbili uwe kwenye njia ya shule, saa tatu ofisini kwa mkuu wa shule na daftari lako la hesabu za NECTA, mchana zunguka nyumba na usisahau sabuni. Jumamosi njoo na watoto Raskazone waogelee, hapo hata ukitaka kuondoka watakugomea.