Somo: Kuipa Commodore 64 madirisha na waifai

Wakuu, Commodore 64 ilitoka 1982 ikiwa na RAM ya KB 64 na prosesa ya karibu MHz 1. Miaka minne baadaye, kampuni ya Berkeley Softworks ya California ikaitolea GEOS, mfumo wenye aikoni, menyu za kushuka na kipanya. Vifurushi vya GEOS vilikuja pia na programu ya Q-Link, huduma ya mtandao kwa laini ya simu iliyoanza 1985. Kampuni iliyokuwa nyuma yake ndiyo baadaye ikaitwa America Online. Kwa hiyo mashine hii iliyajua madirisha na mtandao zamani. Sisi tunaondoa laini ya simu na kuweka waifai.

Jambo moja likubalini mapema: madirisha na mtandao vitapokezana zamu. Skrini ya GEOS ni pikseli 320 kwa 200 na inakula baiti 8,000. Mfumo hutunza nakala ya pili ya skrini hiyo ili kurudisha kilichofunikwa na menyu, nayo ni baiti 8,000 nyingine. Ukitoa na nafasi ya mfumo wenyewe, programu yako inabaki na KB 23 hivi. Anayetaka kuchati huku anachora atafute mashine nyingine.

Hatua ya 1: Umeme

Usiiwashe mashine ya mitumba kabla ya kupima adapta yake. Ile adapta nzito ya asili imejazwa gundi ngumu ndani, haifunguki kirahisi, na regulata yake ya volti 5 ikichoka huanza kutoa zaidi. Zikipanda, chipu za RAM huungua kimyakimya. Pima kwa multimita: upande wa DC usome kati ya 4.75 na 5.25. Kisha iache kwenye umeme nusu saa upime tena, maana nyingine zinaharibika zikishapata moto. Mimi singehangaika nayo. Ningenunua adapta mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hii, ile ya zamani ikae kabatini kama kumbukumbu.

Hatua ya 2: Diski na RAM ya ziada

GEOS hukaa kwenye flopi za 1541, diski draivu ya Commodore, KB 170 kila upande. Tatizo ni kwamba 1541 ina prosesa yake ndani, na GEOS hutuma msimbo wake wa programu humo ili isome haraka. Vile vifaa vya bei nafuu vya kadi ya SD visivyoiga prosesa hiyo vinaweza kukwama kwenye kuwasha tu. Chukua Pi1541, kifaa cha Raspberry Pi kinachoiga 1541 nzima, au katriji ya 1541 Ultimate ambayo inaiga pia RAM ya ziada, ile REU. REU za asili ni 1764 yenye KB 256 na 1750 yenye KB 512. Bila REU GEOS inafanya kazi, ila utachoka kusubiri diski.

Hatua ya 3: Kuwasha GEOS

Kabla ya yote, tengeneza nakala za diski zako. GEOS ikiwaka mara ya kwanza hujipa namba yake, na programu kama geoWrite, ya kuandikia, ukiifungua mara ya kwanza hufungwa na namba hiyo. Ukiipeleka kwenye GEOS nyingine itagoma. Ukiwa na nakala safi pembeni, hilo halikuumizi kichwa.

Chomeka kipanya cha 1351 au joistiki kwenye pati namba 1, halafu andika:

LOAD"GEOS",8,1

Itatokea deskTop, skrini ya kuanzia ya GEOS, aikoni nane kwa kila ukurasa. Unageuza kurasa kwa kubofya kona iliyokunjwa chini kushoto. Fungua CONFIGURE uiambie una REU, utengeneze diski ya RAM, kisha unakili geoWrite na geoPaint (ya kuchorea) humo. Tofauti utaiona papo hapo. Jizoeze pia kufunga diski kwenye menyu kabla ya kuitoa.

Hatua ya 4: Modemu ya waifai

Hapa ndipo watu wanaunguza vitu, twende taratibu.

Tunatumia moduli tupu ya ESP-01 yenye chipu ya ESP8266 na flashi ya MB 1, iliyopakiwa Zimodem, programu inayoifanya ESP iwe modemu. Usichukue bodi yenye USB kama NodeMCU: chipu ya USB inaushika mstari wa RX (wa kupokea; TX ni wa kutuma) na kugombana na Commodore. ESP ni ya volti 3.3, na inapotuma huvuta mkondo mwingi kuliko miliampia 100 zinazoruhusiwa kwenye yuza pati, ule mlango wa vifaa nyuma ya Commodore. Ipe umeme wake: chaja ya simu, regulata ya 3.3, na graundi iungane na ya kompyuta.

Waya ni hizi. Pini M ya yuza pati inatuma, nayo inakwenda RX ya ESP. TX ya ESP inakuja kwenye B na C zilizounganishwa pamoja. Graundi ni A au N. Katikati weka ile bodi ndogo ya MOSFET ya kubadili volti 5 kuwa 3.3. Wapo wanaoweka rezista mbili tu, lakini pini M ni dhaifu, ukiilemea alama inashuka na herufi zinakuja mbovu.

Sasa sikilizeni. Soketi ya yuza pati, usipoweka kizuizi kwenye tundu lake la alama, inaingia hata kichwa chini. Ikigeuka, waya zako za B na C zinaangukia pini 11 na 10, na hizo ndizo zinazobeba volti 9 za AC. Umeziunganisha pamoja, kwa hiyo umepiga shoti, na ESP inakula AC juu yake. Andika JUU kwa wino usiofutika. Na uchomeke kompyuta ikiwa imezimwa.

Hatua ya 5: Kujaribu

Huhitaji kushusha chochote, andika programu hii ya BASIC kisha RUN:

10 OPEN 2,2,0,CHR$(8)+CHR$(0)
20 GET#2,A$:IF A$<>"" THEN PRINT A$;
30 GET K$:IF K$<>"" THEN PRINT#2,K$;
40 GOTO 20

CHR$(8) ni kasi ya 1200. OPEN lazima itangulie kwa sababu inafuta vigeu vyote ili ipate nafasi ya bafa zake. Andika AT, amri ya kuamsha modemu, bonyeza RETURN, ijibu OK. Ikijibu, hamia CCGMS, programu ya tamino (ya kuandika na kusoma kupitia modemu) inayofaa kwa kazi ya kila siku. Kupiga simu ni ATDT ikifuatwa na anwani na namba ya pati ndani ya alama za kunukuu.

Kwa 1200 unapata herufi 120 hivi kwa sekunde, na skrini ina herufi 1,000, hesabuni wenyewe. Kwa 9600 ongeza waya za UP9600, mbinu ya kuifikisha Commodore kwenye kasi hiyo: pini 4 na 6, 5 na M, 7 na B.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, shemeji kaniletea C64 toka Marekani. Nichomeke tu hapa Dar?*

Usithubutu. Adapta yake ni ya volti 120, sisi tuna 230. Pata adapta ya hapa. Picha yake nayo ni NTSC, mfumo wa TV wa Marekani, hakikisha TV inaikubali.

*Kaka, AT inajibu OK ila nikiingiza paswedi ya waifai inakataa. Nimehakiki mara kibao.*

Paswedi yako ina herufi ndogo, sivyo? Kwenye ile programu ya BASIC, ukibonyeza herufi bila SHIFT inafika kama kubwa. Tumia CCGMS kwenye hali ya ASCII, au iunganishe ESP na laptopu uandike huko: ATW"jina,paswedi" kisha AT&W ihifadhi. Na iwe waifai ya GHz 2.4, ESP8266 haioni ya 5.

*Kwa hiyo naweza kuperuzi nikiwa ndani ya madirisha? Nina kadi ya RR-Net, ile ya mtandao wa waya.*

Basi nenda Contiki, mfumo wa Adam Dunkels wa Sweden, iliyotoka 2003. Ina madirisha yake ya herufi na kivinjari ndani. Ila haina HTTPS, njia salama ya kufungua tovuti, hivyo tovuti nyingi za leo zitakufungia mlango. Raha ya mashine hii ni kwenye BBS, zile mbao za ujumbe za maandishi unazozipigia kwa modemu.

*Mimi sina hata hiyo Commodore, nimekuja kusoma tu.*

Karibu, dada. Pakua VICE, emuleta, yaani programu inayoiga Commodore kwenye kompyuta yako. REU ipo, kipanya cha 1351 kipo, na RS232, njia ya modemu, unaielekeza kwenye mtandao wa kompyuta yako. Anzia hatua ya 3.