Kabla hujaliingiza gari mchangani: upepo kwanza, kamba mwisho

Kama kuna mtu kwenye kundi lenu la WhatsApp la safari ya Disemba ambaye ameshaandika kwamba mkifika Pwani mtaendesha hadi karibu na maji mpige picha, msomee haya kabla hamjatoka Mlolongo. Mtu wa Nairobi anajua matope. Amesukuma gari Kiserian wakati wa masika, amevutwa na trekta Kajiado, na anadhani mchanga wa bahari hautamsumbua. Utamsumbua. Kwenye tope, ukikanyaga mafuta kwa nguvu, pengine tairi litafika chini na kupata udongo mgumu. Mchangani hakuna kigumu cha kufikia. Tairi likizunguka bure linachimba tu, na dakika moja ya ukaidi inatosha kulilaza gari kwa tumbo.

Kwanza jiulize kama ni lazima kuingia. Malindi na Watamu kuna hifadhi za baharini tangu 1968, na kasa hutaga mayai kwenye fuo za huko. Kiota hakina alama, huwezi kukiona ukiwa kwenye usukani. Uliza askari wa Shirika la Wanyamapori (KWS) au wenyeji, na wakikataa, egesha huko juu utembee.

Vifaa si vingi. Sepetu ya mpini mfupi inayoenea kwenye buti. Geji ya presha ya tairi. Pampu ya upepo ya kuchomeka kwenye soketi ya sigara, na uijaribu nyumbani kwanza, maana zile za bei ya kutupa huunguza fyuzi kabla ya tairi la pili. Kipande cha ubao mgumu cha kuwekea jeki, kwa sababu jeki juu ya mchanga huzama yenyewe na gari likabaki palepale. Magunia mawili matatu ya katani kutoka Gikomba. Maji ya kunywa, mengi kuliko unavyodhani.

Halafu fungua sanduku la vifaa vya gari lako leo, siyo siku ukiwa umekwama. Magari mengi tunayoendesha hapa yametoka Japani yakiwa yametumika, na ile ndoano ya chuma inayoskurubiwa nyuma ya kifuniko kidogo cha bampa mara nyingi ilishapotea. Bila hiyo, watu hufunga kamba popote wanapoona tundu. Vile vitanzi vyembamba chini ya gari viliwekwa kwa ajili ya kulifunga ndani ya meli. Havikuundwa kustahimili kuvutwa kwa kishindo.

Sasa upepo. Kama hutasoma kingine, soma hapa. Gari dogo lililojazwa PSI 32 au 33 (PSI ndicho kipimo cha presha kwenye geji) linakanyaga mchanga kwa sehemu ndogo ya tairi, na uzito wote unashukia hapo. Punguza hadi 16 au 18 kabla hujaacha ardhi ngumu. Tairi litatandazika, hasa kwa urefu, na gari litapita juu ya mchanga badala ya kuukata. Ukiwa umeshakwama unaweza kushuka hadi 12, lakini uende polepole na usikate kona kali, maana tairi lenye upepo mdogo huchomoka kwenye rimu. Kazi yote ni dakika chache kwa tairi, na bado ndiyo ambayo watu huikwepa. Nimemsikia mtu mzima akisema hatoi upepo kwa sababu gari lake linavuta kwa magurudumu yote manne. Yanavuta, ndiyo, na yote manne yatachimba pamoja.

Ukiwa ndani, shika mwendo mmoja, usibadilishe gia ovyo. Ukitaka kusimama, acha gari lisimame lenyewe. Breki inakusanya kilima cha mchanga mbele ya kila tairi. Simama kichwa cha gari kikielekea mteremko. Gari likigoma kuondoka, ondoa mguu kwenye mafuta mara hiyo hiyo. Jaribu kwanza kurudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe, kwa sababu huko mchanga umeshashindiliwa. Kama gari lina kitufe cha kuzima mfumo wa kuzuia tairi kuteleza, kizime; mchangani mfumo huo unaua nguvu ya injini wakati ule ule unapoihitaji. Ikishindikana, chimba. Usichimbe shimo, chimba mteremko mrefu mbele au nyuma ya kila tairi, kisha kokoa mchanga wote uliogusa tumbo. Tandika magunia. Wasukumaji wakae pembeni, asiwepo wa kusimama mahali gari linakoelekea. Zile kapeti za miguuni watu wanazozipenda huruka nyuma na kumpiga anayesukuma kwenye ugoko.

Kuhusu maji, watu wa bara tunajua yanajaa na kupwa, basi. Jua na haya. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, huwa ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita siku za kawaida, na kwenye pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa inazidi mita 3. Siku za bamvua maji hupwa takriban saa nne asubuhi na kujaa takriban saa kumi jioni. Sasa piga hesabu ya mgeni: anaamka, anapata chai na mahamri, anafika ufuoni saa nne na kuukuta uwanja mpana, mgumu, unaong'aa. Anaingia. Lakini maji hayapandi kwa kasi moja. Karibu nusu ya kina chote hupanda katika saa mbili za katikati, yaani kati ya saa sita na saa nane, na ufuo ukiwa tambarare, makumi ya mita za mchanga mkavu huondoka wakati mnakula. Na ule mchanga mgumu uliokubeba asubuhi, maji yakishaanza kuupenya kutoka chini, hulegea. Wimbi likipita kwenye tairi lililosimama linafagia mchanga wa chini yake na gari linazama bila hata kuguswa.

Hapo ndipo haraka inapoingia, na haraka ndiyo inayoleta kamba.

Hili niliona upande wa Mambrui, kaskazini mwa mdomo wa Sabaki, mto uleule tunaouita Athi huku kwetu. Shemeji yangu alikuwa na van ya abiria saba, familia nzima ndani, amekwama tairi za mbele wakati wa saa saba. Maji yalikuwa bado mbali, lakini kila ukigeuka yamesogea. Mzee mmoja mvuvi alikuja na wavu begani, akatazama chini ya gari, akasema, "Mwanangu, toeni upepo kwanza. Hili ni bamvua."

Shemeji akamjibu kwa heshima zote, "Mzee, shikamoo, tuna haraka kidogo, kuna ndugu hapa anatuvuta."

Ndugu mwenyewe alikuwa na pikapu kubwa na kamba ya nailoni, ya zile zinazonyumbuka. Nyuma ya pikapu kulikuwa na kitufe cha kuvutia trela, tufe la chuma la milimita 50 kwenye shina lake. Akapitisha kitanzi cha kamba hapo, upande wa pili akafunga kwenye van. Mzee akawaambia akina mama na watoto washuke waende mbali, na kwa hilo tu walimsikiliza. Pikapu ikarudi nyuma kidogo ili kamba ilegee, kisha ikaondoka kwa kishindo. Mara ya kwanza van ikatikisika. Mara ya pili tukasikia mlio mkavu. Shina la kile kitufe lilikatika, na kamba iliyokuwa imevutika ikawa manati. Chuma kilipita kwenye kioo cha mbele, upande wa abiria, kikaingia kwenye kiegemeo cha kichwa na kukwama humo. Dakika kumi kabla ya hapo dada yangu alikuwa ameketi kwenye kiti hicho na mtoto mapajani. Shemeji alitoka na vipande vya kioo kwenye mkono na shavu, akakaa mchangani, hakusema kitu.

Ngozi ya kile kiegemeo ilikuwa na tundu la mviringo, safi, na sponji imetokeza kidogo. Nililitazama muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Kitufe cha trela kimeundwa kuvuta mzigo unaobingirika barabarani. Hakikuundwa kupokea kishindo cha gari lililozikwa, na watu wamekufa kwa kosa hili katika nchi nyingi. Kamba ifungwe kwenye ndoano halisi ya kuvutia, iliyoskurubiwa hadi mwisho au iliyoungwa kwenye fremu, pande zote mbili. Mnyororo usitumike kabisa kwa kuvuta kwa kishindo, haunyumbuki, unakatika. Tundika blanketi zito au koti katikati ya kamba, lipunguze kasi kamba ikikatika. Watu wote wakae mbali, umbali wa urefu wa kamba na nusu yake tena, na wakae pembeni, wasiwe kwenye mstari wake. Anayeshika simu kurekodi video afukuzwe kabisa. Na kabla ya yote hayo, chimba na utoe upepo, maana gari lililochimbuliwa linavutwa taratibu, halihitaji kishindo.

Van ile ilitokaje? Wavuvi watano walitoa upepo matairi yote manne, wakachimba kwa mikono na kwa sahani tuliyoitoa kwenye gari letu la pili, wakatandika magunia yao wenyewe ya samaki, wakaisukuma kinyumenyume. Ilitoka kwa jaribio la kwanza. Maji yalifunika mashimo yetu muda mfupi baadaye.

Waliokusaidia walipe vizuri, lakini mpatane kabla hawajashika gari, mbele ya mashahidi, na umwombe mmoja wao awe msemaji. Ukikwama ukiwa peke yako usiku, acha gari, peleka watu juu. Aliyekunywa asiendeshe wala asifunge kamba. Marundo ya mwani usiyakanyage, huficha mashimo. Usiingie na gari moja tu kama mnaweza kuwa na mawili, na la pili libaki kwenye ardhi ngumu.

Ukitoka, jaza upepo kabla ya kugusa lami. Tairi la PSI 16 kwa mwendo wa barabara kuu hupata joto na kupasuka, na barabara ya Mombasa ina malori ya kutosha bila wewe kuyayumbia. Kisha osha gari kwa maji yasiyo ya chumvi, ukianzia chini: breki, fremu, ndani ya matao ya magurudumu, pale chumvi inapojificha. Ukifika Nairobi, kama magurudumu yaliingia majini hadi usawa wa ekseli, mwambie fundi afungue mafuta ya diferensha, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, ayatazame. Yakiwa yamegeuka meupe, maji yameingia. Ayamwage yote aweke mapya kabla hujaenda nalo kazini Jumatatu.