Vidole vinakufa ganzi? Angalia shingo kwanza

Msimu wa korosho ukifika huku Mtwara wamama wanabangua kutwa nzima shingo imeinama, wakitoka hapo ndoo ya lita 20 kichwani, yani kilo 20 nzima juu ya shingo. Mama mkubwa wangu wa Mikindani ndo maisha yake. Ilianza shingo, ikashuka begani, alafu kidole gumba na cha shahada vikawa vinakufa ganzi usiku. Wapo waliosema presha, wapo waliosema katupiwa jini. Kumbe diski.

Iko hivi: shingo ina pingili 7, na katikati yake kuna diski (kati ya zile mbili za juu kabisa ndo hakuna), kama kijimto hivi, nje kigumu ndani ute. Umri ukienda ute unakauka, diski inabonyea, mfupa nao unaota vimwiba pembeni, vikigusa mshipa wa fahamu mkono unawaka moto. Ganzi ya gumba na shahada mara nyingi ni mshipa wa fahamu wa sita wa shingo, ya kidole cha kati ni wa saba.

Ukipiga picha ukaambiwa diski zimechakaa usichanganyikiwe, watu wazima wengi zao ziko hivyo na hawaumwi popote.

Wengi wanapata nafuu ndani ya wiki 6 mpaka 12 bila kupasuliwa. Parasetamoli, au diklofenaki siku chache tu, ila mwenye vidonda vya tumbo, figo au presha amuulize daktari kwanza maana hii dawa tunaimeza kama pipi. Kola ya shingo usivae miezi, misuli inalegea. Mama mkubwa tumemtoa kwenye ndoo, anabeba vidumu viwili vya lita 5, huku kimoja huku kimoja, na meza ya kubangulia tumeiinua kwa matofali asiiname. Mtu wa fiziotherapia alimpa zoezi: kaa wima, rudisha kidevu nyuma taratibu bila kuinamisha kichwa, hesabu mpaka 5, rudia mara 10, maumivu yakizidi kushuka mkononi acha.

Kukandwa bega sawa, ila mtu asikushike kichwa akakunyonga shingo mpaka ilie ka! Nakuomba sana.

Sasa hapa sikia vizuri. Ukianza kuangusha vikombe, vifungo vinakushinda, unayumba ukitembea, au mkojo unatoka wenyewe au unagoma, usisubiri hizo wiki, ni uti wa mgongo wenyewe, ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya pingili, unabanwa. Nenda siku hiyohiyo, hospitali ya Ligula au ile ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, wa Lindi nendeni Sokoine. Mkipewa rufaa ya MOI (taasisi ya mifupa pale Muhimbili) kule Dar msiikimbie, daktari anapitia mbele ya shingo, anatoa diski mbovu na mara nyingi anaunganisha zile pingili mbili, lengo uti wa mgongo usiendelee kuumia, kwa hiyo kuchelewa ndo kubaya. Homa, kukonda na jasho la usiku pia mseme, TB inaingia mpaka kwenye pingili.

Mimi kila Jumapili nikienda Mikindani namwambia mama mkubwa afunge vifungo vya blauzi mbele yangu, vyote, bila kumsaidia.