Kumweleza mgeni Jozani ilivyofanywa hifadhi: anza na ardhi, kima baadaye

Vijana wanaoingia kazi ya kutembeza wageni Jozani, msitu wa hifadhi hapa Unguja, hufundishwa kima punju, yule kima mwekundu wa Zanzibar, kabla ya kitu chengine chochote: anakula nini, kwa nini anatafuna mkaa, dume yupi na jike yupi. Sawa, hayo lazima uyajue. Lakini mgeni akiuliza hifadhi hii ilikujaje, hujibiwa "ilitangazwa 2004", basi, mazungumzo yakarudi kwenye mkia wa kima. Mie kwetu Kitogani, na kwa uzoefu wangu habari ya ardhi ndiyo inayomfanya mgeni aweke simu mfukoni akasikiliza. Ninavyoipanga mie ni hivi.

Kabla ya yote, kaa na watu wazima wa vijiji vya jirani: Pete, Kitogani, Charawe au Ukongoroni. Usiwaulize "hifadhi ilianza vipi", maana utajibiwa kama ulivyosoma kwenye ubao. Uliza: mlikuwa mkikata wapi kuni na boriti, na nani wa mwanzo kuja kuwakataza? Hapo utapata majina ya mabwana misitu, njia za punda, na ugomvi wa mipaka. Mzee akikwambia "wakati wa Karume", muulize Karume yupi, baba au mtoto, kwani baina ya 1972 alipouawa Mzee Abeid na 2000 Amani alipoingia madarakani msitu ulipita mikono mingi. Ukipata nafasi, nenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani, mjini, uombe mafaili ya zamani ya misitu. Andika kwa penseli na uwe na subira.

Kituo cha kwanza cha matembezi kiwe chini ya mitondoo, ile miti mikubwa ya mbao. Wageni wengi hudhani wamo ndani ya msitu usioguswa. Waambie mingi ya mitondoo hii ilipandwa na watu wa misitu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliununua msitu kwa mwenyewe, aliyekuwa na kiwanda cha kupasua mbao, na mwaka 1960 ukatangazwa msitu wa akiba. Lengo lilikuwa mbao. Kima hakuna aliyemfikiria. Kisha yakaja Mapinduzi ya 1964, ardhi ikawa ya Serikali, na wakulima wengi wakagawiwa eka tatu tatu. Kwa hiyo mwanakijiji wa hapa ana mnazi wake na muhogo wake, lakini ardhi iliyo chini yake ni ya Serikali. Mgeni asipoelewa hilo, mengine yote yatampita.

Hapo weka na karafuu. Kwa miongo mingi Zanzibar ilikula kwa karafuu. Bei ilipoanguka, Serikali ikaanza kuutazama utalii, na miaka ya 1980 milango ikafunguliwa. Mti uliosimama ukaanza kuleta fedha kuliko uliopasuliwa. Sehemu hii ipitishe haraka, wageni hawakuja kusikiliza uchumi.

Kituo cha pili ni ng'ambo ya barabara, na hapa usiwe na haraka. Kima wanaopigwa picha sana hawamo ndani ya ule msitu wa 1960. Wamo kwenye mashamba ya watu, upande wa kusini. Msimamishe mgeni pahali anapoona mnazi na kima kwa pamoja, umwonyeshe nazi changa zilizotafunwa chini. Kisha mwambie: huyu mkulima anamlisha mnyama ambaye wewe umelipa kiingilio kumtazama. Mzozo huo ndio uliozaa siasa ya Jozani. Mwaka 1995 Serikali na shirika la CARE walianzisha mradi wa kuunganisha msitu na ghuba ya Chwaka, na vijiji havikukubali hivi hivi tu. Walitaka sehemu ya mapato, na wakulima wakaunda jumuiya yao ili walipwe kwa mazao yanayoliwa. Yale matuta ya barabarani nayo yaonyeshe: yaliwekwa kwa sababu magari yalikuwa yakiwaua kima wengi mno.

Kituo cha tatu ni mikoko ya Pete, juu ya daraja la mbao. Hapa eleza sheria, lakini kwa ufupi. Sheria ya Misitu Namba 10 ya 1996 iliruhusu vijiji kufunga mikataba na Serikali juu ya kutumia na kulinda misitu yao, kila kijiji na kamati yake. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ikatangazwa 2004, kiasi cha kilomita za mraba 50, na hadi leo ndiyo hifadhi ya taifa pekee ya Zanzibar. Usimwambie mgeni kila mtu alifurahi. Aliyekuwa akichoma chokaa au akiuza mkaa alipoteza kazi, na kufuga nyuki badala yake hakukumfidia kila mmoja.

Swali litakalokujia kila siku: "Hii ni ya TANAPA?", yaani shirika la hifadhi za taifa la Tanzania Bara. Jibu ni hapana. Maliasili si jambo la Muungano, Zanzibar ina sheria zake na idara yake. Mgeni aliyetoka Serengeti atauliza pia kama watu walihamishwa. Serengeti ilifanywa hifadhi 1951, na mwaka 1959 Wamasai wakatolewa wakahamia upande wa Ngorongoro. Huku vijiji vilibaki pale pale. Kilichohama ni mipaka ya wapi ukate na wapi usikate. Zieleze habari zote mbili, ya Serengeti na ya Jozani, usiifanye ya kwetu ionekane tamu kuliko ilivyo.

Akiuliza Pemba, mwambie Ngezi ni msitu wa hifadhi, si hifadhi ya taifa, na kwamba mwaka 1974 walipelekwa kima punju kule. Wengi hawalijui hilo.

Na mara nyingine mkulima atapita na jembe begani, akwambie: "Mwambie ukweli huyo mgeni wako." Muamkie shikamoo kwanza, kisha mfasirie mgeni maneno yake yote, khasa yale ya malipo, bila ya kuyapunguza makali. Mgeni akitaka kuuliza zaidi, mkulima ajibu mwenyewe.